Tulivyomposa Mdakaji

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kwendea harusini. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani wa ofisi katika uwanja wa michezo karibu na Castle Vale, na katika barua yao yote neno nililolitia maanani lilikuwa "ofisi". Kufika saa nne asubuhi nilikuwa katikati ya majani yaliyolowa, visigino vimezama, nimeshika ncha moja ya kamba ya kupimia. Mzee mmoja wa Kiingereza ambaye hata jina langu hakuwa amelijua alishika ncha ya pili, ananiambia nirudi nyuma, nirudi nyuma tena, haya simama. Tulikuwa tunapima umbali kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili. Sikujua ni vituo vya nini. Nilidhani labda wanataka kujenga.

Nayaandika haya kwa ajili ya Halima, aliyechukua meza yangu, na vijana wengine wa pale ofisini wanaokijua Kiswahili. Halima amezaliwa hapa hapa Birmingham. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Safari hii hana pa kunijibia, asome tu. Sitasimulia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana cheo sikupandishwa na mshahara wa pale mnaujua wenyewe.

Mimi ni Zena, mzaliwa wa Unguja, mkazi wa Bordesley Green. Uwanja ule ulikuwa na timu kadhaa, na kila karani alipewa yake ya kuisimamia: kusajili wachezaji, kupeleka orodha ya majina kwenye ligi, na siku ya mchezo kukaa benchi na kuandika alama. Mpira wa miguu walishauchukua waliotangulia. Kriketi ilikuwa na bwana mmoja ambaye angeweza kumuuma mtu kwa ajili yake. Ikabaki besiboli, kama sahani ya mwisho kwenye shughuli ambayo kila mtu anajua kwa nini imebaki. Nikapewa mimi.

Nilikuwa nimewaona wanangu wakicheza kitu cha namna hiyo shuleni: kigongo kidogo, mpira, watoto wanakimbia kuzunguka vigingi. Nikamwambia yule mzee kwa furaha, "Mchezo huu naujua, binti zangu wanaucheza." Hakunisemesha tena mpaka wakati wa chai.

Jina lake lilikuwa Norman, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa akikata majani ya uwanja na kuandika alama za timu tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na alinieleza mchezo wote kwa dakika chache, bila kuweka kikombe chini. Mrushaji anarusha. Mpigaji anapiga na kukimbia kuzunguka vile vituo, au anakosa. Nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji, mwenye kinyago cha chuma na glavu kubwa, anadaka kila kilichokosewa na kupokea maumivu ya kila mtu. Wakishatolewa wapigaji watatu, pande zinabadilishana. "Mengine yote," alisema Norman, "ni kungoja." Nimeishi na mchezo ule zaidi ya miaka ishirini na sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Alinipa na vifaa: daftari la alama lenye vyumba vidogo vidogo, penseli mbili, mfuko wa plastiki wa kulifunika daftari, na blanketi. Penseli, si kalamu ya wino, kwa kuwa mvua ya hapa haina adabu na wino unatiririka mpaka hujui nani alikimbia na nani alilala. Upepo wa Castle Vale nao unavuma kana kwamba pale bado ni kiwanja cha ndege kama zamani. Cha kwetu nilichoongeza mimi ni chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi. Norman aliionja msimu wa pili, akakohoa, akasema ina pilipili, na tangu hapo kila Jumapili alikuja na kikombe kitupu.

Watu hudhani kazi ya timu ni kiangazi. Kiangazi mnakula tu, kupika ni majira ya baridi. Wachezaji wetu walisajiliwa kwa msimu mmoja mmoja, na majani yakianza kupukutika kila mmoja alikuwa mchezaji huru, anaweza kubaki, kwenda timu nyingine, au kukaa nyumbani na mkewe kama ana mke wa kukaa naye. Fedha ya kumvutia mtu hatukuwa nayo. Walikuwa mafundi bomba, walimu na madereva, watu wanaolipa wenyewe nauli ya kuja kupigwa na mpira.

Kocha wetu Keith, mtu mwema mwenye haraka, alikuwa na ubao wa chuma ukutani ofisini, na juu yake vipande vya sumaku vyenye majina. Kila Jumatano ya baridi alisimama mbele ya ubao, akisukuma majina kwa kidole: huyu abaki, huyu aende, huyu tumwangalie. Nami nilikaa mezani nikijifanya naandika. Sasa nimestaafu, naweza kusema: kuna wachezaji wawili waliocheza msimu mzima kwa sababu Kocha alikwenda msalani. Alirudi, akautazama ubao, akajikuna kidevu, akasema, "Ndiyo, nadhani hivyo ni bora." Mmoja wao akawa mpigaji wetu mzuri kuliko wote. Wa pili tusimseme.

Tatizo la Keith lilikuwa namna yake ya kuwataka wachezaji huru. Alimpigia mtu simu na kumuuliza: unakuja au huji? Kana kwamba ni basi. Basi wengi hawakuja. Baridi moja tulimtaka mrushaji wa mkono wa kushoto, fundi bomba wa Acocks Green, na Keith alimpigia mara tatu. Mara ya tatu yule bwana alizima simu. Nikamwambia Keith, "Kwetu huwezi kwenda mwenyewe mlangoni kwa watu ukasema nataka. Unatuma mshenga."

Ikabidi nimweleze mshenga ni nani. Ni mtu mzima, mwenye maneno mazuri, anayeheshimiwa na pande zote mbili, anayekwenda kuposa kwa niaba ya mwingine. Keith alisema hataki kumuoa fundi bomba. Nikamwambia sikuona tofauti kubwa: utamwona kila Jumapili, atakukasirisha, na huwezi kumwacha katikati ya msimu.

Nikamtafuta kinyozi wa yule fundi. Mwanamume ana watu wawili anaowasikiliza, na mmoja wao ameshika wembe. Kinyozi akaenda, akasifu, akanywa chai, hakutaja mkataba siku ya kwanza. Siku ya pili akautaja kidogo. Juma la pili fundi alikuja mwenyewe ofisini na glavu yake mkononi. Kuanzia hapo kazi yote ya wachezaji huru nilipewa mimi, na kanuni zangu zilikuwa chache: mshenga asijisifu, asikatae kilichowekwa mezani, na asidai jibu siku ile ile. Posa nzuri haijibiwi siku ile ile. Ukijibiwa papo hapo, ama wana shida au una shida wewe.

Norman alifariki baada ya miaka mingi ya chai yangu. Nilimlilia kuliko nilivyotarajia. Kwenye orodha ya ligi alikuwa akijiandika mwisho kabisa, nafasi ya ishirini na mbili, "mwandishi wa alama", nami juu yake kama msaidizi, na alipoondoka nikalihamishia langu pale pale.

Sasa niseme habari ya baridi yangu ya mwisho, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Katika timu yetu alikuwamo Deo, Mkongomani wa Bukavu, mlinzi wa kituo cha kwanza. Alikuja kwetu kijana, akatuzeekea. Kazi yake ilikuwa jikoni hospitalini, na mkewe alifariki miaka michache kabla, watoto wameshakwenda zao Ubelgiji. Goti lake la kulia lilikuwa limechoka mpaka akikimbia ulimwona anajadiliana nalo njiani. Lakini kila Jumapili alitoka kanisani moja kwa moja hadi uwanjani, na suti yake, na viatu vya mchezo ndani ya mfuko.

Jumatano moja Keith alikisukuma kipande cha sumaku chenye jina la Deo mpaka ukingoni mwa ubao. Hakukitoa, alikiacha pale kinaning'inia. Tulikuwa tumebaki bila mdakaji, kwa sababu wetu alihamia Scotland kumfuata mwanamke, na kulikuwa na mdakaji mmoja huru ambaye kila timu ilikuwa ikimtamani: kijana wa Kisomali anayeitwa Liban, aliyejifunza besiboli Rotterdam kabla mama yake hajahamia Acocks Green. Orodha ya ligi ni majina ishirini na mawili, na yote yalikuwa yamejaa, hata nafasi ya yule wa Scotland ilikuwa imeshapewa mwingine. "Liban aingie, Deo atoke," alisema Keith. "Nampenda Deo. Lakini siwezi kuweka goti kwenye orodha." Safari hii hakwenda msalani. Nilimtengenezea chai mara mbili, hakwenda.

Siku ya pili yake Deo alikuja ofisini. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake jezi yake, imefuliwa na kupigwa pasi, mikunjo imesimama.

"Dada Zena," alisema, "nimeileta mbele, kabla Kocha aniombe. Ni mbaya mtu akuombe nguo yako."

"Nani kakwambia atakuomba?"

"Goti iliniambia." Akacheka peke yake. Kisha akakaa. "Mi sina shida ya kucheza, vraiment. Aniweke tu kwa banc, kwa benchi, nitabeba maji. Lakini Jumapili, dimanche bila équipe, bila timu... Nyumba yangu iko kimya sana, Dada. Nikirudi ku messe, ku kanisa, nitaangalia nini? Ukuta?"

Niliona haya. Miaka yote ile nimewaposea watu wachezaji, na huyu niliyekunywa naye chai kila Jumapili nilikuwa nimekaa kimya wakati jina lake linasukumwa ukingoni. Nikaisukuma jezi irudi upande wake wa meza.

"Deo, ndugu yangu, nina kazi nataka unifanyie," nikasema. "Nataka uwe mshenga."

"Wa nani?"

"Wa Liban."

Deo hakuwa mjinga, na mimi sikumwambia yote. Nilikuwa nimetuma wajumbe wengi katika kazi yangu, lakini sikuwahi kumtuma mtu akamlete atakayekaa kwenye kiti chake. Alisema tu, "Bon. Kama ni kwa équipe, nitaenda," na akaichukua jezi yake akaenda nayo.

Msinihukumu upesi. Nilikuwa na hila yangu. Mnajua mshenga hamalizi kazi siku ya harusi. Ndoa ikiyumba, watu hawaendi kwa bwana wala kwa bibi, wanakwenda kwa yule aliyekuja kuwaambia maneno matamu. Mshenga hafutwi. Mama yake Liban alikulia Mombasa, na nilikuwa nimesikia kwa watu kwamba ni mtu wa taratibu. Nikawaza: nikimfunga Deo kwa Liban kwa fundo la posa, Keith atakata kamba gani?

Jumamosi tukaenda Acocks Green, Deo na suti yake ya kanisani, mimi na halua niliyotumiwa kutoka nyumbani. Mama Liban alitufungulia mwenyewe.

"Karibuni, viatu wacheni hapo tu. Mmekuja kwa mlango, na mmepiga simu kabla. Hiyo nimeipenda. Wale wa timu zingine wanamtumia Liban mameseji Instagram, ati 'bro, you in?' Bro ni nani?"

Tukakaa. Zikaja sambusa, chai, ndizi na maziwa ya ngamia ya pakiti. Deo alikula kila kilichowekwa, na nusu saa nzima hakutaja besiboli. Aliuliza habari za Mombasa, habari za mgongo wa mama, habari za baridi. Nikajua nimechagua vizuri.

Hatimaye akaweka kikombe chini. "Mama, tumekuja kwa sababu ya kijana wako. Équipe yetu inamutaka. Anadaka muzuri sana, na hata mwenyewe iko mupole. Tunaomba mutupatie yeye, tutamuchunga."

"Mum, I'm twenty-four," sauti ya Liban ikashuka kutoka juu ya ngazi.

"Nyamaza, watu wazima wanaongea." Mama Liban akatugeukia. "Sikiza nikwambie. Huko Rotterdam huyu alivunjika kidole kwa hiyo mchezo. Unajua nani alikuja kuniambia? Hakuna mtu. Coach alinisendia text. Text, na kale kauso kanacheka. Mimi niko supermarket, nasoma mtoto amevunjika na kauso kanacheka. Sasa nawauliza. Huyu akiumia, mimi nitamshika nani?"

"Miye," akasema Deo.

"Wewe utakuwa hapo kila Sunday?"

Deo alinigeukia mimi. Mama Liban akanitazama pia. Mimi nilizitazama sambusa. Mbele yangu kulikuwa na mtu mwenye jezi iliyopigwa pasi na mtu aliyetaka neno la kweli, na neno la kweli lilikuwa kwamba sijui. Nikasema, "Atakuwepo."

Ndani ya gari, tulipofika taa za barabarani za tatu, Deo alinigeukia. "Dada, umesema nitakuwepo. Kocha anajua?"

"Atajua."

"Eh, Mungu wangu," akasema, na safari hii alicheka kwelikweli, mpaka akalishika goti.

Mama Liban alituweka karibu juma zima, kama inavyotakiwa. Keith alikuwa akizunguka ofisini kama kuku anayetaka kutaga. Timu nyingine zilikuwa zinapiga simu, orodha ya ligi inafungwa Ijumaa, na mimi namwambia ngoja. Alhamisi asubuhi simu yangu ikalia. Mama Liban alisema wamekubali, kijana atacheza kwetu. "Lakini nimekushika neno, Bi Zena. Deo akitoka, mtoto wangu pia anatoka. Mshenga ni mshenga."

Nikampelekea Keith habari hizo kwa uso wa huzuni niliokuwa nimeufanyia mazoezi. Hakunielewa mara ya kwanza. Mara ya pili alielewa vizuri sana. Alikitazama kile kipande cha sumaku ukingoni mwa ubao, akanitazama mimi, akasema kwamba katika maisha yake amewahi kudanganywa na mawakala, na warushaji, na baba mkwe wake, lakini hajawahi kudanganywa kwa sambusa. Nilimwambia sikumdanganya mtu, hizo ni mila.

"Haya," akasema. Akakirudisha kipande cha Deo katikati ya ubao, na pembeni yake akaweka cha Liban. Kisha akahesabu kwa kidole, polepole, ili nami nihesabu naye. Majina ishirini na matatu. "Ligi inataka ishirini na mawili. Wewe ndiye uliyeahidi, Zena. Kesho saa sita uniambie nani anatoka. Sitakugusia hata mmoja."

Hapo ndipo nilipoona shimo nililolichimba. Katika kupanga hila zote zile, sikuwa nimehesabu. Mimi, karani wa orodha.

Nikaenda nayo nyumbani, nikaiweka juu ya meza ya kulia chakula. Mlinzi wa kituo cha pili hawezi kupiga hata mto uliolala, lakini gari linalobeba vifaa vyote ni lake. Kuna ndugu wawili, ukimtoa mmoja wa pili naye anaondoka, na baba yao ndiye anayekata majani tangu Norman afariki. Kuna mwalimu wa hesabu anayedondosha kila mpira unaokuja juu, ila ndiye peke yake anayejua kubishana na mwamuzi bila kufukuzwa. Mrushaji wa mkono wa kushoto simgusi, kinyozi wake angeniuliza. Kocha mwenyewe yumo, na nikiri kwamba penseli ilisita kidogo juu ya jina lake. Nikashuka jina kwa jina, kila mmoja na sababu yake, mpaka nikafika chini.

Ishirini na mbili. Zena, mwandishi wa alama.

Nililikalia jina lile muda mrefu. Ofisi walikuwa wameshaniambia kwamba siku ya kustaafu nichague mwenyewe, nami nilikuwa nimeomba msimu mmoja tu zaidi. Niliutaka sana msimu ule. Sheria ya ligi ni kali: asiyemo kwenye orodha haketi benchi, hashiki daftari, hasemi na benchi wakati wa mchezo hata neno. Nilikuwa nimewahi kuwaandikia barua wake wa wachezaji kuwakumbusha sheria hiyo, barua zenye adabu na ubaya. Nikamfikiria Deo na ukuta wake. Mimi nyumbani kwangu nina binti wawili na wajukuu wanaopiga kelele, ukuta wenyewe siuoni kwa michoro yao. Nikajikata. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia nikiwa nimekasirika.

Keith alipoisoma orodha kesho yake alifika chini, akarudi juu, akafika chini tena. Alisema jina langu limesahauliwa. Nikamwambia halikusahauliwa. Akaenda msalani, na safari hii nadhani hakuwa na haja.

Deo alipojua alikuja mbio, au kile anachokiita mbio. "Dada, siwezi kukaa ku kiti yako."

"Orodha imeshafungwa. Na siku hutoingia uwanjani utashika penseli, kwa sababu hakuna mwingine mwenye subira."

Nikamfundisha kuandika alama wakati wa mapumziko yake ya mchana, kwenye kantini ya hospitali, siku tatu mfululizo. Aliandika vizuri, ila alipenda kuhadithia. Kwenye chumba cha kuandika alama moja, yeye aliandika "pole sana". Halima naye aliniuliza nitafanya nini Jumapili. "Auntie, you can just watch, no?" Nikamwambia ndiyo, nitatazama tu.

Jumapili ya kwanza ya msimu nilikuja na kiti changu cha kukunja, nikakiweka nyuma ya uzio, karibu na benchi yetu. Mama Liban alikaa pembeni yangu na mwavuli. Siku hiyo niliona jinsi uwanja ulivyo mkubwa ukiwa huna la kufanya. Mikono yangu niliiweka mapajani, nikaitoa, nikaikunja.

Mzunguko wa nne mpira ulimpiga Liban kwenye dole gumba. Aliukung'uta mkono, akaja benchi Deo akaliangalia dole na kuliwekea barafu, akarudi kuchutama, lakini Mama Liban alikuwa ameshasimama.

"Deo! Deo, njoo hapa! Si ulikula sambusa yangu?"

Mchezo ukiwa umesimama, Deo aliinuka benchi na daftari kwapani, akachechemea hadi kwenye uzio, akavua kofia. Akaeleza dole halikuvunjika, limewekewa barafu, yeye mwenyewe ameligusa, kijana amecheka. Mama Liban alimhoji kama polisi, na Deo alimjibu kila swali, taratibu, kana kwamba Jumapili nzima ni yake. Timu yote ilikuwa inacheka. Keith alijifunika uso kwa kofia. Nilimwona Deo anavyorudi benchi, amenyooka, mtu mwenye shughuli, nikafurahi mpaka nikaumia.

Lakini katika kuhojiwa kule alipoteza hesabu. Aliketi, akafungua daftari, akalitazama, akageuza penseli. Keith akamuuliza wametolewa wangapi. Deo akalitazama daftari tena. Kisha, polepole, akanitazama mimi.

Mtu mmoja tu alikuwa ametolewa. Nilikuwa ninajua, nisingeweza kutojua. Nikakiinua kidole kimoja, chini chini, pembeni ya paja, ambapo ni Deo peke yake angekiona.

Mwamuzi pia alikiona. Alisimamisha mchezo, akavua kinyago, akaja taratibu hadi kwenye uzio. Tumefahamiana miaka mingi, na ni mtu wa haki. Alinitazama, akatazama benchi, akaona aibu kuniuliza, lakini akaniuliza kama sheria inavyotaka.

"Zena, jina lako limo kwenye orodha?"

"Simo," nikamwambia. "Deo ndiye aliyemo."

Akanirudisha nyuma hatua kumi. Nilikibeba kiti changu mwenyewe.